Jinsi ya Kuusoma Mlango wa Kuchonga Mji Mkongwe

Assalaam aleikum watazamaji. Leo tupo Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, tunausoma mlango mmoja tu. Wanafunzi hupiga picha za milango mpaka simu inajaa, wakifika nyumbani hawajui upi ulikuwa kichochoro gani.

Chukua daftari, futi ya kamba, simu na penseli. Mie napenda penseli laini, inafutika vizuri. Njoo asubuhi, jua likiwa la ubavuni, nakshi zinajitokeza.

Piga hodi kwanza, hii ni nyumba ya watu. Kama kuna mzee barazani, mwamkie, mweleze shughuli yako. Akikukaribisha kahawa, kaa unywe, kwani huenda yeye ndiye anayejua mlango huu ulitoka wapi.

Haya, chora kabla ya kupiga picha. Miimo miwili, yaani nguzo za kando, kizingiti cha juu, vipande viwili vinavyofunguka kwa ndani, na mfaa, ule mti uliosimama katikati vipande vinapokutana. Kizingiti cha juu kikiwa kimenyooka, aghalabu ni mtindo wa zamani zaidi. Kikiwa cha upinde, fikiria mwisho wa karne ya 19 na athari ya Kihindi.

Sogeza kamera hapa. Huu ukingoni ni mnyororo, pete ndani ya pete, unateremka mpaka chini. Husimuliwa kwamba ni wa kuilinda nyumba. Na huku chini samaki, tazama magamba, fundi kayachonga moja moja, halafu maua yanapanda kuto... Ngoja, pikipiki. Pita kaka, pita! Ah, na jua limeingia kwenye lenzi. Hamia kulia kidogo. Hapo hapo.

Vipimo: pima uwazi kati ya mwimo na mwimo, juu, katikati na chini. Futi isikwaruze nakshi.

Sasa nisikilizeni. Juu pale pengine utakuta maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Ukisoma 1310, hiyo ni 1892 hadi 1893. Tafadhali usiandike kwamba nyumba ilijengwa mwaka huo! Huo ni mwaka wa mlango. Milango huhamishwa, huuzwa, huwekwa kwenye nyumba nyingine kabisa.

Utajuaje? Acha nakshi, tazama pale fremu inapokutana na ukuta. Ukuta wa asili ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hapa mnaona mstari wa kijivu, mgumu, umeizunguka fremu? Hiyo ni saruji. Kuna mtu aliigusa fremu hii baadaye. Huenda ilikuwa matengenezo tu, huenda mlango ni mgeni hapa, kwa hiyo muulize mzee. Usikwangue kitu! Piga picha ya maungio pande zote mbili. Narudia: mwaka wa mlango si mwaka wa nyumba. Ukiuchanganya hapo, ripoti nzima imeharibika.

Kazi hii ina haraka. Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kilichochorwa na kupimwa mapema ndicho kinachomsaidia fundi kurudisha kitu mahali pake.

Kabla hujaondoka, andika kwenye kila mchoro jina la mtaa, tarehe, na upande mlango unaoelekea. Video ijayo tunaingia ndani, tuhesabu boriti.