Nani Analipia Siku Zisizo na Onyesho? Mhadhara kwa Viongozi wa Vikundi vya Maigizo, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Afisa Utamaduni wa Jiji, wazee wangu, shikamooni. Viongozi wenzangu mliotoka Ngamiani, Makorora, Chumbageni na hata Pangani na Muheza, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mchana huu. Nimeombwa nizungumze juu ya kutafuta na kusimamia fedha za kikundi cha maigizo cha mtaani. Nimekubali kwa sababu nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo niliona vikundi vyenye vipaji vikubwa kuliko vyetu vikitawanyika huku watazamaji bado wanavitaka, kwa kukosa nauli ya kufika mazoezini.

Nianze na nauli hiyo. Tunapokaa kuandika bajeti, macho yetu yote huenda kwenye siku ya onyesho: kukodi spika na vipaza sauti, jenereta iwapo umeme utakatika, turubai, viti, vitambaa vya mavazi, gari la matangazo, kibali. Gharama hizo zinaonekana, na mfadhili akipewa orodha yake huielewa upesi. Lakini igizo la saa moja linalochezwa uwanja wa Tangamano jioni ya Jumamosi limetanguliwa na majuma manane au tisa ya mazoezi, na katika majuma hayo kuna watu kumi na wanane wanaotakiwa kufika kila jioni, baadhi yao wakiwa wameamkia sokoni tangu alfajiri. Kuna chumba kinachohitaji taa, kuna maji ya kunywa, kuna dada mwenye mtoto mchanga anayehitaji mtu wa kumshikia mtoto wakati yeye yuko jukwaani. Onyesho likipita huja miezi mitupu, mavazi yamefungiwa sandukuni nyumbani kwa mtu na kikundi kimebaki jina. Fedha zilizo ngumu kupatikana ni za siku hizo zisizo na onyesho. Mfadhili wa mbali hazitoi. Wanaoweza kuzitoa ni majirani wanaotutazama, nao huzitoa pale tu wanaposomewa hesabu.

Sisemi hivi kwa kuwachukia wafadhili. Kikundi chetu kiliwahi kupata mradi wa mwaka mmoja na nusu kutoka shirika moja, wa kuigiza habari za afya. Tulilipwa kwa kila onyesho, tukanunua spika zetu wenyewe, vijana wakapata posho, na ninashukuru mpaka leo. Hata hivyo mada zilichaguliwa na mradi na vijiji vilichaguliwa na mradi, na mtaa wetu haukuingia katika ratiba hata mara moja. Mradi ulipokwisha tulirudi nyumbani tukakuta watu wamezoea kutuhesabu kama wafanyakazi wa mtu mwingine. Tulipowaomba mchango walituuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, "Ninyi si mnalipwa?" Haikupita miezi mitano tukabaki watu saba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, huko Mwanza, wakawashirikisha wanakijiji kuyachunguza matatizo yao wenyewe, na maigizo yakazaliwa humo. Mfano huo husomwa kama somo la sanaa. Mimi nausoma pia kama somo la fedha, kwa kuwa mtu haoni uzito wa kuchangia jambo ambalo yeye mwenyewe alishiriki kulitafuta.

Na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kuchangia. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana katika miji hii kwa mavazi, ngoma na karamu, na gharama zote hizo zilitoka mifukoni mwa wanachama, ambao pia walisaidiana katika maradhi na mazishi. Wazee walio hapa wanazikumbuka Black Star na Lucky Star, bendi zetu za taarabu, na wanakumbuka namna msikilizaji aliyeguswa na ubeti alivyoinuka, akapita mbele ya watu wote, akamtunza mwimbaji kwa fedha. Leo hii kijana akitaka kuoa, kamati inaundwa, kadi za mchango zinasambazwa, ahadi zinaandikwa, na mweka hazina anapiga simu mpaka ahadi ya mwisho ilipwe. Ujuzi huo wote tunao, kisha tukikaa kama kikundi cha maigizo tunauacha mlangoni na kuanza kuandika barua kwa watu wasiotujua.

Hapa kwetu tulianza na nyumba za barabara yetu. Tuliwaita walezi wa kikundi, na kila nyumba iliyokubali iliombwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Pigeni hesabu: nyumba 60 zinaleta shilingi 120,000, na mkifika nyumba 120 mna shilingi 240,000 kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake. Kwa fedha hizo hamwezi kukodi jukwaa kubwa, lakini mnaweza kulipa taa na nauli, na mazoezi hayasimami. Msitafute tajiri mmoja wa kutoa zote, maana siku akihama au akikasirika mtahama naye. Tena mlezi wa shilingi 2,000 huja kwenye onyesho na watoto wake na hukaa mbele, na igizo likiwa baya anakuja kuwaambia kesho yake asubuhi. Hilo nalo ni mapato.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linaniuma kulisema. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii, michango ilikuwa ikiingia kwenye namba yangu binafsi ya simu, kwa kuwa ilionekana rahisi. Mama yangu akaugua usiku, nikatumia shilingi 85,000 za kikundi kumpeleka hospitali, na nikazirudisha baada ya siku tisa. Hakuna aliyeibiwa. Lakini katika siku hizo tisa mwenzetu mmoja aliomba fedha za kitambaa nami nikamwambia asubiri, naye akajua kwa nini, na maneno yakatembea. Nilichukua karibu mwaka mzima kuirudisha imani ya watu, na nyumba nne hazikurudi. Ndiyo maana nawasihi, kwa moyo wangu wote, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi yenye watia saini watatu, mchukue lipa namba ya kikundi, na anayepokea fedha asiwe yeye anayeidhinisha matumizi. Kila shilingi iandikiwe risiti yenye nakala, hata kama mtoaji anasema haihitaji.

Kisha msome hesabu hadharani. Sisi huzisoma kabla ya kila onyesho, watu wakiwa wameshakaa: tuliingiza kiasi gani, tulitumia kwa nini, kimebaki kiasi gani. Huchukua dakika tatu. Mwanzoni nilidhani watazamaji watachoka, kumbe wanasikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza mgeni rasmi, na mara nyingi mtu huinuka papo hapo akaongeza.

Kuhusu viingilio sitasema mengi, kwa sababu uwanja wa wazi hauna mlango. Kapu ndilo linalofaa, na lina wakati wake. Likipitishwa igizo limekwisha, nusu ya watu wameshageuka kutafuta bajaji. Lipitisheni kabla ya sehemu ya mwisho, wakati kila mtu anataka kujua yatakayotokea. Mkubaliane mapema pia kuhusu tuzo anazopewa mwigizaji akiwa jukwaani, kwa maana nimeona kikundi kikivunjika kwa noti moja. Kwetu nusu ni ya aliyetunzwa na nusu ni ya kikundi, na kanuni hiyo imeandikwa kwenye katiba yetu.

Katiba hiyo mtaihitaji pia katika usajili kwenye Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Kikundi kilichosajiliwa ndicho kinachoweza kufungua mlango wa benki na wa halmashauri. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa asilimia 4, 4 na 2 kwa mfuatano huo. Ombeni, lakini mkumbuke kwamba huo ni mkopo na utadaiwa. Unafaa kununulia spika mtakazozikodisha kwenye harusi siku ambazo hamchezi. Mkiutumia kwa posho za mazoezi mtaulipa kwa machozi.

Na mwishowe, wekeni tarehe. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tamasha lake likaanza mwaka 1982. Miaka zaidi ya 40 baadaye watu bado wanauliza mwaka huu ni lini, na anayeuliza hivyo ameanza kutenga nauli yake. Kikundi cha mtaa kinachocheza mara tatu kwa mwaka, katika miezi ile ile, kinamrahisishia muuza duka kujua lini ataombwa, na kinawapa waigizaji sababu ya kurudi baada ya mapumziko.

Daftari letu nimekuja nalo. Liko kwenye meza ile karibu na mlango, pamoja na ule ukurasa wa shilingi 85,000, na mweka hazina wetu wa sasa atakaa nalo mpaka saa kumi na mbili jioni kwa yeyote anayetaka kunakili namna mistari yake ilivyochorwa.