Leseni Unayo, Maji Je? Kuvua Trauti Uingereza

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, hamjambo popote mlipo. Mimi Zuhura, niko na kaka yangu Mwangi kama kawaida, na leo tunaingia mtoni kumtafuta trauti, samaki wa maji baridi. Msikilizaji mmoja wa mji wa Reading, England, ametuletea swali fupi. Anasema: "Nimenunua leseni ya kuvua kwenye tovuti ya serikali. Naweza kwenda kuvua trauti kwenye mto uliopita nyuma ya nyumba yetu?" Kaka Mwangi, mjibu.

MWANGI: Hapana. Ama tuseme, bado.

ZUHURA: Lo! Na leseni anayo?

MWANGI: Anayo, na amefanya vizuri kuinunua. Lakini leseni ile ni ya fimbo ya kuvulia. Serikali inakwambia, sawa, unaruhusiwa kuvua kwa fimbo. Wapi utavua, hilo si la serikali. Hilo ni la mwenye ukingo.

ZUHURA: Mwenye ukingo? Mto una mwenyewe?

MWANGI: Hapo sasa. Maji yenyewe hayana mwenyewe. Lakini haki ya kuvua inakwenda na ardhi ya ukingoni. Kama shamba lako limepakana na mto, haki yako ya kuvua inafika katikati ya mto. Ng'ambo ya pili ni ya jirani, naye anafika katikati.

ZUHURA: Na samaki akivuka katikati?

MWANGI: (anacheka) Samaki wa mtoni hana mwenyewe mpaka avuliwe. Anachomiliki mtu ni haki ya kumvua. Na haki hiyo inauzwa, inakodishwa, inarithiwa. Kuna mito ambayo mwenye shamba ameikodishia klabu ya wavuvi, na klabu inakuuzia uanachama au tiketi ya siku moja.

ZUHURA: Mimi mtoto wa Tanga, kaka. Sisi tulikuwa tunachukua mshipi, ndoana na chubwi ya kuizamisha, tunakwenda zetu gatini. Hakuna aliyekuuliza una tiketi. Sasa unaniambia nilipe serikali, halafu nimlipe na bwana shamba?

MWANGI: Ndiyo. Malipo mawili, karatasi mbili, na ukikosa mojawapo umeharibu. Lakini kwa sababu umetaja bahari, kuna kitu utakipenda. Sehemu za mito zinazopata kupwa na kujaa, umma una haki ya kuvua. Mto Thames kwa mfano, kuanzia Teddington kushuka London, maji yanapwa na kujaa. Hapo huna bwana shamba wa kumwomba.

ZUHURA: Basi nahamia Teddington.

MWANGI: Leseni ya fimbo bado utaihitaji ukivua samaki wa maji baridi. Na trauti wengi hutawakuta huko. Reading iko juu zaidi, kwa hiyo ndugu yetu sheria ya ukingo inamhusu.

ZUHURA: Haya, tuanze na hiyo ya serikali. Nani anaihitaji?

MWANGI: Kila mwenye umri wa miaka 13 na zaidi anayevua trauti, salmoni, mikunga au samaki wengine wa maji baridi katika England na Wales. Walio chini ya miaka 13 hawahitaji kitu. Kuanzia 13 hadi 16 ni bure.

ZUHURA: Bure, lakini lazima wawe nayo.

MWANGI: Lazima. Hapo wazazi wengi hupatwa. Mtu akisikia bure anadhani haihusiki. Mtoto wa miaka 14 asiye na leseni ni mtoto anayevua bila leseni, basi. Dakika chache kwenye intaneti, umemaliza.

ZUHURA: Na sisi watu wazima?

MWANGI: Unachagua ya siku 1, ya siku 8 au ya miezi 12. Ya mwaka ya trauti, kwa fimbo hadi mbili, ni pauni thelathini na kitu, na bei hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo angalia mwenyewe. Ya salmoni na trauti wa baharini ni nyingine na ni ghali zaidi. Ile ya mwaka inahesabiwa kuanzia siku utakayochagua ianze. Zamani zote zilikuwa zinakufa tarehe 31 Machi, ukinunua Januari imekula kwako. Siku hizi sivyo. Na nunua kwenye tovuti ya serikali yenyewe, maana kuna tovuti za madalali zinazokutoza ada juu ya ada.

ZUHURA: Fimbo mbili ulisema.

MWANGI: Leseni inasema hadi mbili. Mtoni, ukivua trauti, ni moja tu. Ziwani au bwawani mbili zinaruhusiwa kisheria, ingawa mwenye bwawa anaweza kusema moja, na akisema moja ni moja. Sheria ya nchi ni sakafu. Juu yake kila klabu inaweka masharti yake.

ZUHURA: Na nikikutwa sina?

MWANGI: Mahakamani, faini yaweza kufika pauni 2,500. Maofisa wa Environment Agency, shirika la serikali la mazingira, wanapita mitoni, wengine bila sare, na wakiwa kazini wana mamlaka kama ya polisi. Anakuja taratibu, anakusalimia, anakuuliza umepata nini leo, halafu anaomba leseni, jina na anwani. Usianze maneno. Mwoneshe, muagane salama.

ZUHURA: Sasa kaka, niseme ukweli. Ya watoto nimeelewa, ya faini nimeelewa. Hii ya bwana shamba haijaniingia. Mto ni riziki ya Mungu.

MWANGI: Sikubishii. Kuna sehemu za mto Test, kule Hampshire, siku moja ya kuvua inakugharimu mamia ya pauni. Maji meupe yanayotoka kwenye miamba ya chokaa, unamwona samaki kama yuko ndani ya glasi. Na masharti yake! Ndoano yenye manyoya tu, ielee juu ya maji, na uirushe kuelekea juu ya mto. Mimi naona huko wamezidi. Lakini usidhani trauti ni wa matajiri peke yao. Kuna klabu za mji mdogo, ada ya mwaka mzima ni chini ya hiyo siku moja ya Test.

ZUHURA: Hiyo ndoano ya manyoya, waeleze wasikilizaji.

MWANGI: Trauti anakula wadudu wanaoishi majini na wanaoanguka juu ya maji. Kwa hiyo unachukua ndoano ndogo, unaifunga uzi na manyoya ya ndege mpaka inafanana na mdudu. Haina uzito wa kurushika, kwa hiyo uzito unawekwa kwenye uzi mnene wa kuvulia. Ukiurusha uzi, mdudu wako anafuata. Mito mingi ya trauti hairuhusu kitu kingine. Minyoo marufuku. Wengine wanataka ndoano isiyo na kile kijino cha nyuma, ili samaki wa kurudishwa majini atoke bila kuchanika mdomo.

ZUHURA: Na chubwi? Za madini ya risasi zinaruhusiwa?

MWANGI: Umeuliza vizuri. Tangu 1987 chubwi za risasi za kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35 ni marufuku hapa. Sababu ni bata maji, wale wakubwa weupe wa shingo ndefu. Wanameza changarawe za kusagia chakula tumboni, wakawa wanameza na chubwi zilizoangushwa, risasi inawaua. Siku hizi utauziwa chubwi za madini mengine.

ZUHURA: Hiyo sasa ni sheria yenye maana.

MWANGI: Basi ngoja nikupe yenye maana kuliko zote, kwa maoni yangu. Karatasi ni karatasi. Sheria inayomlinda trauti hasa ni ya msimu.

ZUHURA: Msimu wa kufungwa.

MWANGI: Trauti wa kahawia, ambaye ndiye mwenyeji wa huku, anazaa kuanzia vuli kuingia baridi. Jike anapanda kwenye maji yasiyo na kina, yenye changarawe safi. Analala ubavu, anapiga mkia, anapiga tena, changarawe zinaruka na mkondo unazisogeza. Linatokea shimo. Anataga, dume anamwaga mbegu, halafu jike anasogea juu kidogo na kupiga mkia tena, changarawe zinashuka kuyafunika mayai. Yanakaa humo baridi yote, maji yanapita katikati ya vijiwe yakiyapa hewa.

ZUHURA: Na mtu anayetembea mtoni na mabuti yake?

MWANGI: Anayakanyaga. Anapita juu ya mayai mamia bila habari. Ukiwa ukingoni mwezi wa Desemba unaweza kupaona: kiraka cha changarawe zilizong'aa kuliko zinazozunguka, kwa sababu zimegeuzwa juu chini na ukungu wa kijani umetoka. Ukipaona hivyo, usitie mguu.

ZUHURA: Tarehe zenyewe ni zipi?

MWANGI: Kwa mito ya England tarehe zinatofautiana kwa eneo. Kwa ujumla mlango unafungwa mwanzoni mwa Oktoba na unafunguliwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Usifuate tarehe ya rafiki yako wa kaunti nyingine. Tena kuna msimu mwingine tofauti, wa wale samaki wa mtoni wasio jamii ya salmoni na trauti, kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Watu wanazichanganya hizi mbili kila mwaka.

ZUHURA: Kwa hiyo kipindi cha baridi tunakaa nyumbani.

MWANGI: Si lazima. Kuna trauti wa upinde wa mvua, asili yake pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Huku anafugwa na kumwagwa kwenye mabwawa, kuzaliana mwenyewe ni nadra sana. Kwa hiyo mabwawa mengi yako wazi mwaka mzima kwa ajili yake. Ila ukimnasa wa kahawia Januari, huyo anarudi majini.

ZUHURA: Bwawa linakuwaje? Mtu anafika tu?

MWANGI: Mengi yana kibanda cha mbao mlangoni. Ndani kuna daftari, kalamu iliyofungwa kamba ili isitembee, na sanduku la pesa. Unaandika jina na saa uliyoingia, unalipa tiketi. Tiketi inasema, kwa mfano, samaki wawili wa kuondoka nao. Ukishapata wawili, kwingine unaruhusiwa kuendelea mradi unawarudisha, kwingine unakunja fimbo. Ukitoka unaandika umepata wangapi, hata kama ni sifuri. Usione haya kuandika sifuri, maana mwenye bwawa anaangalia daftari ndipo ajue aongeze samaki lini.

ZUHURA: Wa Uskoti je? Tuna wasikilizaji Glasgow.

MWANGI: Uskoti ni habari nyingine kabisa. Hakuna leseni ya fimbo ya serikali. Unachohitaji ni kibali cha mwenye maji, na kwa kawaida utakipata dukani kwa vifaa vya uvuvi, au hotelini, au kwenye klabu ya hapo. Msimu wa trauti wa kahawia ni mmoja nchi nzima: unafungwa 7 Oktoba hadi 14 Machi. Na Jumapili usivue salmoni wala trauti wa baharini, hata uwe na kibali cha dhahabu. Wa kahawia ruhusa kwa sheria, lakini muulize mwenyeji.

ZUHURA: Na mpakani?

MWANGI: Mpakani wamechanganya kweli. Mto Tweed, hata kipande kilichoko England, hauhitaji leseni ya England. Mto Esk wa mpakani, hata kipande kilichoko Uskoti, unaihitaji!

ZUHURA: (anacheka) Waingereza bwana. Sasa kaka, wewe umezaliwa Nyeri. Trauti ulimjulia huku?

MWANGI: Aka, dada. Nimekua nikimwona. Ewart Grogan, mlowezi, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven ya Uskoti mwaka 1905, wakatiwa mto Gura, kule Aberdare. Kabla ya hapo mito ile haikuwa na trauti. Kina babu zetu samaki hawakuwa wakimla hata kidogo, kwa hiyo walimtazama tu mzungu akisimama majini asubuhi mpaka jioni.

ZUHURA: Na sheria nazo zilikuja kwenye chombo kimoja na mayai.

MWANGI: Zilikuja. Mpaka leo ukitaka kumvua Kenya kwa kujifurahisha unahitaji leseni ya uvuvi, na ukiingia ndani ya hifadhi ya Mlima Kenya au Aberdare unalipa na kiingilio cha hifadhi. Tofauti kubwa ni hiyo: kule mlango wa pili ni wa hifadhi, huku ni wa bwana shamba.

ZUHURA: Kwangu mimi hifadhi inaeleweka zaidi. Basi ndugu yetu wa Reading afanye nini kesho asubuhi?

MWANGI: Aingie duka la vifaa vya uvuvi lililo karibu naye. Aulize klabu gani ina haki kwenye kile kipande cha mto, na kama wanauza tiketi ya siku. Wale wa dukani wanajua kila ukingo. Akiona kibao kimeandikwa "private fishing", yaani haki ya kuvua hapa ina mwenyewe, hicho ndicho kibao chenyewe, mara nyingi kina na namba ya simu.

ZUHURA: Ana na swali la pili, tumalizie. Baba yake anakuja kutembea kwa wiki moja kutoka Arusha, ana miaka 70. Anahitaji leseni? Si kuna punguzo la wazee?

MWANGI: Anahitaji, kukaa nchini au kuja kutembea hakubadilishi kitu. Punguzo la wazee lipo kuanzia miaka 66, lakini ni la leseni ya mwaka. Mzee anakuja wiki moja, amkatie ya siku 8 kwa bei ya kawaida. Itakuwa rahisi zaidi.

ZUHURA: Na aandike jina la mzee mwenyewe, siyo lake.

MWANGI: La mzee mwenyewe. Leseni haiazimwi. Na anakuja lini?

ZUHURA: Anasema mwisho wa Oktoba.

MWANGI: Basi mto amsahaulishe. Ampeleke bwawani.