Ifikie Injini Ingali Baridi

Asanteni kwa kunikaribisha tena. Wengine hapa mlinisikia mwaka jana, na wachache mmenisikia mara nyingi kiasi kwamba mnalijua neno nitakaloanza nalo. Nitaanza nalo vilevile, kwa sababu wiki mbili zilizopita kijana mmoja kaniletea pikipiki karakana, kaitoa kwa muuzaji jana yake tu, na jambo hili hakulifanya. Basi nasema tena: ukienda kutazama pikipiki kubwa ya safari iliyotembea sana, ifikie injini ingali baridi. Muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mwambie kwenye simu, kwa heshima, lakini mwambie.

Pikipiki hizi sitawaeleza ni nini. Mnazijua: XT ya Yamaha, Transalp na Africa Twin za Honda, GS ya BMW, V-Strom ya Suzuki. Mnajua na zinakotoka. Baadhi zililetwa na wageni waliotoka Cairo wakielekea Cape Town, wakachoka au wakaishiwa hapa katikati, wakauza. Nyingine zimeagizwa kutoka nje zikiwa zimeshatumika. Nyingi zinasoma kilomita 60,000, 90,000, laki moja na zaidi. Na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Fundi, kilomita 90,000 si nyingi mno?"

Si nyingi. Kilomita zinakwambia chombo kimekwenda umbali gani, hazikwambii kilitunzwaje njiani. Africa Twin 750, ile iliyotengenezwa kuanzia 1990 hadi 2003, ikibadilishwa oili kwa wakati na kupimwa valvu, inavuka kilomita 100,000 bila injini kufunguliwa. Lakini pikipiki iliyolala bandani miaka sita ikiwa na kilomita 25,000, petroli imegeuka gundi ndani ya kabureta, tangi limeota kutu, sili za foki, ile miguu ya mbele, zimekauka, maji ya breki yamejaa unyevu. Ukiniambia nichague, nachukua ya 90,000 yenye daftari la matengenezo na risiti za spea, wala sifikirii mara mbili.

Tena hizo namba zenyewe zisikutishe wala zisikulaze usingizi. Pikipiki za zamani, kama XT600 na hiyo Africa Twin 750, mita yake inazungushwa na kebo inayotoka kwenye gurudumu la mbele. Kebo ikikatika, mita inasimama, pikipiki inaendelea na safari. Mtu anaweza kutembea mwaka mzima hivyo. Na nyingine iliyotoka Uingereza inasoma maili. Nimekutana na mnunuzi anashangilia "60,000 tu!" Hizo ni maili, ndugu yangu. Ni kilomita zaidi ya 96,000. Pikipiki yenyewe ilikuwa nzima na sikumkataza kununua, ila alikuwa amelipa bei ya kitu kingine.

Sasa nirudi kwenye injini baridi, na naomba mnivumilie nisimulie.

Miaka kama kumi iliyopita nilikwenda Moshi na mteja wangu, mwalimu aliyestaafu, mtu aliyeweka akiba muda mrefu kwa ajili ya pikipiki. Alikuwa ameipata Yamaha XT600E ya 1995. Tukafika saa nne asubuhi. Pikipiki ilikuwa nje ya geti, inanguruma, muuzaji kasimama pembeni anatabasamu. "Nimewatayarishia," akasema. Nikaweka kiganja karibu na silinda: ya moto kabisa. Hapo hapo nilipaswa kusema: mzee, tuizime, twende tukanywe chai, tukale na chakula cha mchana, turudi saa kumi ikiwa imepoa. Sikusema. Mwalimu alikuwa na furaha kama mtoto wa sikukuu, nikaona vibaya kumharibia. Tukaiendesha, ikavuta vizuri, moshi hatukuuona. Akalipa.

Jumatatu alfajiri simu ikalia. Haiwaki. Stata inazunguka, betri inalegea, haiwaki. Nilipofika tukaisukuma ikawaka, na ua wote ukajaa moshi wa bluu hadi mkewe akatoka kuuliza nini kinaungua. Baada ya dakika chache moshi ukapungua, injini ikatulia, ikawa ile ile ya Moshi, haina neno.

Tukaifungua. Silinda ilikuwa na michirizi ya juu hadi chini, unaisikia kwa kucha. Ringi za pistoni zimelika. Injini ya namna hiyo ikiwa baridi, nafasi kati ya pistoni na silinda ni kubwa, mgandamizo unavuja, oili inapanda juu na kuungua. Ikipata moto chuma kinatanuka, nafasi inapungua, ugonjwa unajificha. Kwa hiyo anayekuwashia injini kabla hujafika, ajue au asijue, amekuficha nusu ya habari.

Na kilichoila ile silinda ni nini? Vumbi. Tulipofungua sanduku la chujio la hewa, skrubu mbili hazikuwepo, mpira wa kuziba umechanika, sponji ya chujio imepasuka ukingoni. Nikapitisha kidole kwenye bomba linalokwenda kwenye kabureta, upande ambao hewa inatakiwa iwe imeshachujwa. Kikatoka na udongo. Udongo laini kama unga, ule unaoufuta mezani kila siku ya kiangazi. Ukichanganyika na oili ndani ya silinda unakuwa msasa. Ile injini haikuuawa na kilomita. Iliuawa na mpira wa kuziba ambao mtu hakuubadilisha.

Mwalimu alinunua pistoni na ringi za saizi kubwa, silinda ikachongwa, tukasubiri spea kutoka nje wiki saba. Gharama ilizidi theluthi ya bei aliyoinunulia. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ndiyo maana narudia, na nitarudia mwakani mkinialika.

Basi ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, sema utarudi. Ikiwa baridi, usiwashe bado. Fungua sanduku la hewa, pitisha kidole nilivyosema. Fungua kifuniko cha oili utazame: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na kwenye injini inayopozwa kwa maji hilo ni jambo zito. Tazama maji ya rejeta kama yana oili juu. Haya yote unayafanya kimya, muuzaji akiwa anaongea.

Halafu washa wewe, kwa mkono wako. Sikiliza stata inavyozunguka. Inahitaji choki, yaani kuongezewa petroli ikiwa baridi? Hiyo ni kawaida kwa kabureta. Inahitaji kubembelezwa dakika tano? Valvu huenda hazifungi sawasawa, au mgandamizo umekwisha. Sikiliza cheni ya ndani, ile inayozungusha kamu zinazofungua valvu: ikigonga sekunde moja au mbili mpaka oili ipande, sawa, ikiendelea kugonga, ulizia ilibadilishwa lini. Mwambie mwenzako asimame nyuma aangalie moshi. Bluu ni oili. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe asubuhi ya baridi hapa Arusha ni mvuke tu na unaisha. Usipoisha, na maji yanapungua, fikiria gasketi ya hedi, ile inayoziba juu ya silinda. Bluu inayotoka mara moja tu ya kwanza kisha ikakoma, mara nyingi ni sili za valvu. Bluu inayorudi kila ukivuta mafuta kwa nguvu, ni ringi.

Najua kuna atakayesema: "Fundi, XT oili yake hupimwa injini ikiwa imepata moto." Kweli. XT600 inaweka oili kwenye tangi la pembeni, na ukipima ikiwa baridi utadanganyika. Lakini hilo ni la mwisho. Kwanza uione ikiwa baridi, uiwashe, uiendeshe, ndipo upime oili. Mpangilio huo hauna shida yoyote.

Mwingine anasema muuzaji atakasirika. Muuzaji mwenye chombo kizuri hakasiriki kuambiwa asiiwashe. Hajaombwa kufanya kazi, ameombwa asifanye. Mwingine anasema, "Yuko Dar, mimi niko huku, amenitumia video." Video haina joto wala harufu! Video inaanzia pale mwenye simu anapotaka. Panda basi, lala huko, umfikie saa kumi na mbili asubuhi. Ukishindwa, tafuta fundi wa kule usiyejuana naye kupitia muuzaji, umlipe wewe. Milioni kadhaa za shilingi zinatoka mfukoni mwako, nauli ya basi isikushinde.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Ngoja niende haraka kwenye yaliyobaki.

Nyuma. Watu wa safari wanabeba mno. Masanduku mawili ya alumini, mahema, majiko, petroli ya akiba. Uzito wote unakaa kwenye fremu ndogo ya nyuma, chini ya kiti. Ondoa kiti, washa tochi, tafuta nyufa kwenye viungio na rangi iliyopakwa juzi mahali pamoja. Palipochomelewa si lazima ukimbie, lakini uliza. Shokapu nayo: kandamiza nyuma uachie. Ikirudi na kurukaruka, imekufa. Waliopita barabara ya Marsabit hadi Moyale kabla haijatiwa lami wanajua yale matuta ya changarawe yalivyokuwa yakizimaliza, na pikipiki nyingi za zamani zilizopitia Kenya zilipita pale.

Mbele. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole. Ukisikia unakwama kidogo katikati, pale unapokuwa umenyooka, beringi za shingo zimechimbika. Tazama bomba za foki: kutu yenye vishimo itakata sili mpya ndani ya mwezi. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, mbele na nyuma, uzisikie beringi. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi. Zinalia sauti moja, na iliyolegea inajitangaza.

Cheni: ivute nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno, au meno yamepinda kama ndoana, seti nzima ibadilishwe na utoe kwenye bei. Diski za breki zimechapwa unene wa mwisho zenyewe, soma. Tairi lina tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri kwenye tairi la miaka tisa hazikusaidii chochote kwenye lami yenye mvua.

Wapenzi wa BMW R1200GS, haya ni yenu. Haina cheni, ina shafti, fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma, na watu wanadhani hapo hakuna cha kutazama. Kuna. Zile za kuanzia 2004 beringi ya kichwa cha nyuma, pale shafti inapoishia gurudumuni, inajulikana kwa kuchoka. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, shika gurudumu la nyuma juu na chini, tikisa. Ikicheza kwa kugonga, au oili inavuja kati ya kichwa na gurudumu, piga hesabu upya. Mwambie muuzaji mmwage oili ile muitazame. Ukikuta vipande vya chuma, umeokoa pesa zako.

Umeme: nenda na multimita, bei yake ni ndogo. Injini ikiwa katika mzunguko wa kati, kwenye betri usome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, chaji haipo. Ikipita 15, regyuleta, kile kidhibiti cha chaji, inaichemsha betri. Africa Twin 750 ina ugonjwa wa regyuleta na wa pampu ya petroli, na vyote viwili vinatibika, ila uvijue kabla ya kutoa pesa. Nilitaka kusema na habari za ABS, breki zinazozuia gurudumu lisifunge, nitaiacha.

Hati siwezi kuziacha. Namba ya fremu iko shingoni, chini ya usukani. Isome kwa macho yako, futa vumbi, ilinganishe na kadi herufi kwa herufi, na namba ya injini vilevile. Ikiwa ni ya mgeni iliyoingia kwa karnete, hati ya kupitisha chombo mpakani kwa muda bila ushuru, au kibali cha muda, hiyo haijawa mali ya kuuzwa nchini mpaka ushuru ulipwe na karatasi zifungwe. Mgeni akipanda ndege, deni linabaki na chombo, na chombo unacho wewe. Msimalize jambo hilo kwa kupeana mikono hotelini. Nendeni pamoja TRA, mamlaka ya mapato, yeye akiwa bado yupo.

Haya. Maswali nitajibu huko huko nje. Kuna Transalp chini ya mjakaranda, mwenyewe ameileta jana jioni na amekubali tuitumie. Inasoma kilomita 118,000. Hakuna aliyeiwasha tangu usiku, ufunguo ninao mimi. Atakayefika kwanza aweke kiganja kwenye injini, kisha anitafutie bisibisi ya kufungulia sanduku la hewa.