Kazi yangu Marekani ni ipi hasa? Leo nawajibu nikiwa garini

Shikamooni wakubwa, na nyie wenzangu mambo vipi. Msinione nimekaa garini mkadhani nimefukuzwa nyumba. Nimepaki nje ya ofisi, huko nje ni nyuzi 19 chini ya sifuri, na huo mngurumo mnaousikia ni hita. Nikiizima, video itaishia hapa. Nina kama dakika ishirini kabla ya kikao.

Ile video ya juzi ya kufua nguo, wengi mliacha nguo mkaniuliza: dada, hivi huko Iowa unafanya kazi gani hasa? Mara shule, mara ustawi wa jamii, mara una mabuti ya watoto kwenye buti la gari. Shangazi yangu wa Kigoma yeye alishaamua zamani, anawaambia majirani mimi ni mwalimu. Nimemwacha.

Mimi ni mratibu wa huduma za wanafunzi kwenye wilaya ya shule. Sasa ukisikia wilaya, usifikirie DC na mkurugenzi wa halmashauri. Huku wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea. Ina mipaka yake, ina bodi inayopigiwa kura na wananchi, bodi ndiyo inaajiri msimamizi mkuu wa shule zote za wilaya, na sehemu kubwa ya pesa inatoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi za watu wa hapo hapo. Nchi nzima zipo zaidi ya 13,000. Kwa hiyo unaweza kukuta shule huku ina mwanasaikolojia wake, ukivuka barabara ukaingia wilaya nyingine, muuguzi mmoja anazungukia shule tatu. Na hiyo ndiyo Marekani mnayoiona kwenye sinema.

Nimesomea ustawi wa jamii, lakini siku hizi sikai sana na mtoto mmoja mmoja. Kazi yangu ni kuhakikisha watu saba wanaomshughulikia mtoto mmoja wanajua kwamba wako saba. Mnacheka. Ngoja niwape kisa. Wilaya siitaji, mtoto simtaji, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha, maana huku kuna sheria ya 1974 ya siri za wanafunzi, inaitwa FERPA, na mimi kibarua changu bado nakipenda.

Kuna kijana wa miaka kumi, familia yake ni Wakongo waliokaa miaka mingi Nyarugusu, pale pale kwetu Kigoma. Kiswahili chake ukifumba macho utasema umemkuta Kasulu sokoni. Kufika mwezi wa pili alikuwa ameshakosa siku 22. Mwaka wa shule huku ni kama siku 180, na mtoto akikosa asilimia 10, yaani siku 18, anahesabiwa mtoro sugu. Basi karani wa mahudhurio alikuwa ameshatuma barua tatu, zote za Kiingereza, ya mwisho inamtaja mpaka mwanasheria wa kaunti, yaani mwendesha mashtaka wa hapa. Mshauri wa wanafunzi alikuwa amepiga simu mara nne kwenye namba ambayo haipo hewani. Mwalimu anayewafundisha Kiingereza watoto wageni ameandika kwamba kijana anarudi nyuma. Muuguzi ameona viatu vimelowa, kampa soksi. Na mwanasaikolojia ana fomu mezani ya kumpima kama anahitaji elimu maalumu, baba ameshaisaini. Baadaye nilimuuliza baba ile fomu ilikuwa ya nini. Akasema, "Ya chakula."

Hapo hakuna mvivu hata mmoja. Nataka mnielewe vizuri, kwa sababu huwa tunapenda kutafuta wa kumlaumu. Kila mmoja alifanya cha kwake, akaandika kwenye mfumo wake, akafunga ofisi akaenda nyumbani.

Na mimi sikuwa bora. Kwenye faili kulikuwa na fomu ya makazi. Mkalimani wa simu alimsomea baba: "Je, ninyi ni watu wasio na makao?" Baba akajibu hapana, ikawekwa alama ya hapana, basi. Mimi nikasema, aah, hawa wanahitaji Mswahili mwenzao, ngoja niende mwenyewe. Nikafika, nikakaribishwa, chai imewekwa, nikajifanya nauliza kwa upole: "Baba, siku hizi mnalala wapi? Nyumba mnayo?" Yule mzee alinitazama. Akaweka kikombe chini. "Dada, unaniona niko mutu wa barabarani?"

Niliona aibu, jamani. Nikaomba radhi, nikanywa chai, tukaongea habari za Kigoma, za migebuka, za soko la kambini. Ndipo nikauliza, "Hapa mko wangapi?" Akasema kumi na mmoja. Vyumba viwili. "Hii ni nyumba ya mukubwa yangu," yaani kaka yake. Walihamia hapo kodi ya kule kwao ilipopanda. Na shule? "Bisi haifikaka huku." Yeye anafanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama, anarudi saa moja asubuhi yuko hoi. Gari ni moja, shemeji kaondoka nalo kazini. Shule ya zamani iko kilomita tisa, na theluji hii mnayoiona hapa dirishani.

Sasa sikilizeni. Kuna sheria inaitwa McKinney-Vento, ya 1987. Kwa sheria hiyo, mtoto anayeishi kwa ndugu kwa sababu wazazi wamepoteza nyumba au wameshindwa kodi, anahesabiwa hana makazi. Kwetu huo ni undugu, hakuna Mwafrika atakayekubali kuitwa hana kwao wakati yuko kwa kaka yake, tena mkubwa! Lakini ukishahesabiwa hivyo, mtoto ana haki ya kubaki shule yake ile ile, wilaya impatie usafiri hata kama kahamia upande wa pili wa mji, chakula cha shule bure, na akihamia shule mpya anaandikishwa hapo hapo hata kama karatasi hazijatimia. Yule kijana alistahili basi tangu siku ya kwanza. Siku 22 zimepotea kwa sababu ya neno moja kwenye fomu.

Fomu tumeibadilisha. Haiulizi tena kama una makazi. Inauliza: mko nyumba moja na familia nyingine? Mlihamia hapo kwa sababu ya kodi, moto, ugomvi, kazi kuisha? Watu wanajibu vizuri tu. Na ile ya mwanasaikolojia nilimsomea baba upya mstari kwa mstari, akaamua isubiri kwanza kijana arudi darasani. Ni haki yake. Siku hizi karatasi yoyote naisoma kwa sauti kabla mzazi hajashika kalamu. Mtu aliyekaa kambini anajua karatasi inaweza kukupa mgao na inaweza kukukata. Anasaini ili mambo yaishe.

Kingine tulichobadilisha ni kikao cha Jumanne, ndicho hiki nakisubiri. Zamani tulikuwa tunataja jina la mtoto, kila mtu anatikisa kichwa, "tutafuatilia," tunaenda jina linalofuata. Hiyo "tu" ndiyo nani? Sasa kuna karatasi ina safu mbili za ziada: nani, na lini. Jina la mtoto haliruhusiwi kupita bila kujazwa hizo safu. Mwanzoni walinichukia. Mmoja aliniambia nimewarudisha darasa la kwanza.

Nyie mlioko nyumbani ambao mmekaa kwenye kamati za MTAKUWWA za kata, zile za kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, pale afisa ustawi, polisi, mwalimu na mtu wa zahanati mnapokaa meza moja, hiki kikao mnakijua, tofauti ni kahawa tu. Na msidhani huku tuko wengi. Fani yetu inapendekeza mfanyakazi mmoja wa ustawi kwa wanafunzi 250. Hapa kwetu mmoja ana shule mbili, wanafunzi mia tisa na kitu.

Eeh, na wale mnaoniandikia faragha mkiniuliza kama mtoto asiye na karatasi za uhamiaji anaweza kusoma huku: ndiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982, kesi ya Plyler iliyotoka Texas. Shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji. Wataomba uthibitisho wa unapoishi, na chanjo. Visa haiwahusu.

Mtaniuliza kijana aliishia wapi. Basi lilipangwa, ilichukua siku nne, na siku ya kwanza likamwacha! Dereva alisimama, hakuona mtu, akaondoka. Kijana alikuwa amesimama ndani nyuma ya pazia, anasubiri lipige honi kama daladala. Huku halipigi honi. Ilibidi nirudi tena nimwambie, baba yangu, toka nje dakika tano kabla, simama wakuone. Akaniambia, "Kuna baridi." Ni kweli, kuna baridi. Ndiyo mkaona yale mabuti kwenye buti la gari.

Haya, saa nane kasoro tano. Leo kuna majina kumi na moja, mawili yana jina langu kwenye safu ya nani, na moja kati ya hayo sijaligusa. Ngoja niingie kabla hawajaniona napiga video.