Kisu Kisitangulie Kipimo: Mhadhara Kuhusu Saratani ya Tishu Laini

Madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara, nitakayoyasema wengi wenu mmeshayasikia kwangu, na nayarudia kwa sababu wagonjwa bado wanatufikia wakiwa wameshachanwa. Uvimbe wa tishu laini, yaani misuli, mafuta, neva na kadhalika, uliozidi sentimita 5, au uliozama chini ya utando wa msuli, au unaozidi kukua, uwe unauma au hauumi, usiondolewe kabla haujapimwa. Aina za saratani za tishu laini, yaani sakoma, ni zaidi ya 50. Leo nitashika moja tu, sakoma ya sinovia, kwa kuwa huwapata zaidi vijana, mara nyingi karibu na goti, na huweza kukua polepole kiasi cha kumshawishi hata daktari makini kwamba hakuna haraka.

Nilimpokea kijana mcheza mpira aliyekuwa na uvimbe nyuma ya goti. Nyumbani walisema ni teke la uwanjani, akakandwa kwa maji ya moto. Hospitali aliyokwenda wakasema ni mafuta, wakamchoma ganzi, wakapasua kwa kukingama mguu badala ya kufuata urefu wake, wakautoa uvimbe vipande vipande, wakapitisha mrija wa kutolea damu mbali na mshono, kisha wakatupa walichokitoa. Hakuna hata kipande kimoja kilichopelekwa patholojia, maabara inayochunguza vinyama! Uvimbe uliporudi, kila mahali palipofikiwa na kisu, damu na mrija ilibidi pahesabiwe kuwa na chembe za saratani, na kwa hiyo eneo la kuondolewa likapanuka mpaka kwenye mishipa mikubwa ya damu na neva ya mguu. Tuliukata mguu wake juu ya goti. Kabla ya kisu kile, sindano nene ya kuchukulia kinyama ingetosha kutuambia tunapambana na nini.

Najua yupo atakayesema kwamba sindano huamsha saratani. Njia ya sindano ni nyembamba, na ikipangwa pamoja na daktari atakayefanya upasuaji wenyewe, itapita mahali ambapo ataiondoa pamoja na uvimbe. Kidonda kilichochimbwa bila mpango hakina njia inayojulikana. Mwingine atasema kipimo cha MRI kiko mbali. Utepe wa kupimia hauko mbali, na altrasaundi ya kawaida itakuonyesha ukubwa na kina. Ukishatilia shaka, mpe mgonjwa rufaa na uvimbe wake ukiwa haujaguswa. Na wewe unayechukua kinyama, kitie kwenye formalini ya asilimia 10, uandike umri, mahali na kina, kwa maana mtaalamu wa patholojia hawezi kukisia. Sakoma hii hufanana na nyingine chini ya hadubini, na uthibitisho wake ni kuungana kwa jeni SS18 na mojawapo ya jeni za SSX.

Muda umenibana, kwa hiyo matibabu nitayapitia kwa haraka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1982, wenye wagonjwa 43, uliwalinganisha waliokatwa kiungo na waliofanyiwa upasuaji wa kukihifadhi pamoja na mionzi, na haukuonyesha tofauti ya kuishi baina yao. Anayemwambia mgonjwa leo kwamba sakoma ya mguu lazima iishie kwa kukatwa mguu amechelewa zaidi ya miaka 40. Mionzi ikitangulia upasuaji, dozi huwa ndogo kuliko ikifuata, lakini kidonda husumbua zaidi kupona. Dawa za saratani doksorubisini na ifosfamidi hufanya kazi zaidi kwa sakoma ya sinovia kuliko kwa nyingi za jamii yake, hasa uvimbe ukiwa mkubwa au umeshasambaa. Kifua kipigwe picha ya CT tangu mwanzo, kwa sababu mara nyingi mapafu ndiyo yanayofikiwa kwanza, na mgonjwa asiachishwe kliniki baada ya miaka 5, kwani sakoma ya sinovia huweza kurudi hata baada ya miaka 10.