Ile matatu yangu nyeupe

Oyawore uru wana Kisumu! Na nyinyi wa Nakuru mliotoka usiku wa manane, poleni na safari, chai iko pale nyuma.

Sasa nimeitwa niongee kuhusu kazi za ubunifu na sina slaidi, niko na stori ya matatu tu. Nikimaliza kidato cha nne nilikuwa nashinda saiba moja huko Kondele, dakika shilingi moja, wenzangu wanacheza GTA San Andreas wanakimbizana na polisi, na mimi shida yangu ni moja tu, mbona hii miji yote haina matatu? Basi iko, teksi iko, lakini makanga wa kuning'inia mlangoni hakuna.

Kuzunguka kwa intaneti nikakuta kuna watu wa modi, wanafungua faili za gemu wanatoa gari ya Marekani wanaweka yao. Kila gari iko na faili mbili, dff ndiyo umbo, txd ndiyo ngozi, yaani rangi na michoro ya ubavuni. Nikashika van moja nikaigeuza nissan ya watu 14. Nikaenda steji kupiga picha na simu ya kuazima, makanga akadhani nimetumwa kuwapeleleza, nusura anichape, lakini nilirudi na picha za laini ya njano na hata mikwaruzo ya bampa.

Nikaiweka ndani, nikawasha gemu, gari ikatokea nyeupe pepepe. Wiki mbili! Kumbe kwa dff nimeandika mlango1, kwa txd nimeandika mlango_1. Kistari kimoja jameni. Gemu ikikosa picha inakuwekea weupe tu, haikwambii umekosea wapi.

Siku ilitokea na rangi watu waliacha viti vyao wakaja kuona, mwenye saiba, mzee ambaye hajawahi kumsamehea mtu hata dakika, akanipa nusu saa bure. Halafu jamaa mmoja, dere wa tuktuk, akauliza mbona saidi mira iko chini hivyo, dere ataona nini? Nikarudi nikaipandisha. Mimi nahesabu kazi yangu ilianzia hapo, hata kama pesa ilikuja miaka mingi baadaye.

Na si mimi tu. Counter-Strike, ile gemu ya kupigana risasi, ilianza 1999 kama modi ya Half-Life, gemu ya kampuni ya Valve, Minh Le akiwa bado mwanafunzi wa chuo huko Kanada, na 2000 Valve wenyewe wakainunua. Brendan Greene, mwenye kubuni ile gemu ya PUBG, hakuwa fundi wa kuandika programu, alikuwa mpiga picha na mbunifu wa tovuti, akaanza kwa kuchokora modi ya Arma 2, gemu ya vita, na 2017 PUBG ikatoka. Ndiyo, hao ni wachache sana, msiende nyumbani kuambia mama umeacha shule.

Swali la sheria najua linakuja. Gemu si yako, kwa hivyo soma masharti kabla hujauza kitu. Rockstar wenyewe, wale wanaotengeneza GTA, 2015 waliwafungia akaunti watu wa FiveM, modi ya kucheza GTA V na wenzako mtandaoni, halafu 2023 wakainunua timu hiyo hiyo, sasa hapo utasema nini? Mimi pia niliibiwa, mtu alichukua matatu yangu akafuta jina akaweka lake. Niliumia, lakini yeye hakuwa na zile faili za katikati, michoro ya kwanza, saidi mira ikiwa chini. Mimi nilikuwa nazo zote kwa flashi, na siku ya interviu ya kazi ya 3D ninayofanya saa hizi, vyeti waliviangalia kidogo tu, wakakaa kwa hiyo flashi karibu lisaa, wakiuliza hii ulibadilisha kwa nini, na hii je?

Haya, ile kompyuta ya dirishani iko na Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, ni ya bure, na nimewawekea nissan yenye mlango mweupe. Nani anakuja kutafuta kosa?