Pwani Bila Buluu

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Nataka nianze na kalenda za hoteli, maana sote tumekua tukiziona ukutani: maji ya buluu, mchanga mweupe, mnazi mmoja umeinama, mtu hakuna. Sasa nendeni ufuo wa Pirates, Mombasa, siku ya Idi, au wiki ile ya Krismasi. Pa kuweka mguu hupati. Familia zimeshuka usiku kucha kwa basi kutoka bara, mabinti wamo majini na mabuibui yao, watoto wameng'ang'ania tyubu za kukodi, ngamia anapenya kati ya wauza viazi karai. Hiyo ndiyo likizo yetu, nami naipiga picha kwa filamu ya nyeusi na nyeupe.

Buluu ikiwemo, jicho hukimbilia maji kwanza. Ukiitoa, bahari inakuwa kijivu, na jicho linarudi kwa watu. Linamwona baba aliyekunja suruali hadi magotini, amekumbatia viatu vya watu watano, hataki kuingia.

Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali, alipiga picha za namna hii kule Bamako. Mali haina bahari, lakini miaka ya 1960 na 1970 vijana wa mji walikwenda kustarehe kando ya Mto Niger, naye akawafuata na kamera yake. Mwaka 2007 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Ukizitazama picha zile, mto unausahau. Unabaki na vijana wa nchi iliyopata uhuru mwaka 1960, wamelowa, wanacheka.

Tuje kwenye jua la saa saba mchana, maana hapa ndipo wengi mnapoharibu. Mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, hutaka kila kitu kiwe kijivu. Ukiielekeza mchangani itapunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi utabaki doa tupu. Pimeni usoni! Mchanga ukizidi mwanga, filamu itavumilia, na kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha mtaurudisha.

Halafu ile filta nyekundu, kioo cha rangi kinachofungwa mbele ya lenzi, inayosifiwa kwa kuitia mbingu uzito. Nawaomba muiweke kando mkipiga watu wetu. Hupitisha wekundu uliomo katika ngozi ya kahawia, ngozi ikapauka. Mimi hutumia ya kijani, na ngozi inabaki na weusi wake.

Basi, tuzime taa. Ya kwanza ni ya yule baba mwenye viatu.